Jiko Lisilo na Moshi

Kazi ya kuwasha jiko nyumbani kwetu Buzebazeba ilikuwa yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilichuchumaa upenuni, nikapanga mkaa, nikachomeka karatasi chini yake, nikapepea kwa mfuniko wa ndoo huku machozi yakinitoka. Moshi ulipokwisha na mkaa ukawa mwekundu, ndipo nilipolibeba jiko kulipeleka jikoni. Jikoni kwetu kulikuwa kibanda cha fito kisichokandikwa, hata kuku walipita katikati ya fito bila kupiga hodi. Ndani ya nyumba tuliyolala jiko halikuingia hata siku moja. Hiyo ilikuwa amri ya Bibi.

"Jiko ni la nje," alisema.

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu nimesema mimi."

Basi, maneno yakaisha. Bibi, mama mzazi wa Baba, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na hakuwa mtu wa kueleza amri zake. Mimi nami nilikuwa mtoto wa kutaka maelezo. Nisipoyapata, niliyatunga mwenyewe. Niliamua kwamba Bibi anaogopa moshi na cheche za moto kwa kuwa amezeeka. Nawaambieni haya mapema ili mnijue nilivyokuwa: Nasma binti Sefu, darasa la sita, miaka kumi na mitatu, mjuaji kupita kiasi.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1993. Mwishoni mwa Oktoba mapigano yalizuka Burundi, na watu wakaanza kumiminika upande wetu kwa mitumbwi na kwa miguu, wamebeba watoto, masufuria na magodoro yaliyolowa. Jioni moja Baba, aliyekuwa kuli bandarini Kigoma, alirudi nyumbani na mama mmoja na watoto wawili.

"Watakaa kwetu mpaka gari la kuwapeleka kambini lipatikane," alimwambia Bibi.

Bibi hakuuliza hata swali moja. Alitoa nyavu kuukuu na mifuko ya saruji kwenye stoo ya uani, akafagia, akatandika mkeka. Stoo ile Baba aliijenga kwa matofali na kuiezeka bati. Kwa kuwa hakutaka saruji yake ipate unyevu, aliziba kila upenyo kati ya ukuta na bati, na mlango akautengeneza ufunge sawasawa. Kulikuwa na dirisha moja tu, dogo, la ubao. Baba alijivunia sana stoo yake. "Humu hata upepo unaomba ruhusa," alikuwa akisema.

Mama yule aliitwa Candide. Mumewe, Bucumi, alikuwa mchuuzi wa chumvi, naye aliuawa wiki ile waliyokimbia. Kutokana na biashara ya mumewe Candide alijua Kiswahili, ingawa alikichanganya na Kirundi. Binti yake Arakaza alikuwa wa rika langu. Mdogo wake wa kiume, Ndayikunda, alikuwa na miaka minne, na tangu siku ya pili aliniganda kama kupe. Nikiwasha jiko, naye yupo. Aliokota kifuniko cha kopo la rangi, akakifanya pepeo lake. Alipepea upande usio na mkaa, lakini alipepea kweli kweli, mashavu yamemvimba, kisha ananitazama na kuuliza, "Nasima, umewaka?"

"Umewaka, bwana mkubwa."

Hapo alicheka mpaka akakaa chini. Ndiye pekee kati yao aliyecheka siku zile.

Candide alizaliwa milimani, mahali pa juu penye baridi. Jioni alitusimulia habari za kwao. "Kule kwetu imbeho, baridi, inauma mpaka mfupa," alisema. "Moto tunalala nao ndani, katikati ya nyumba. Mimi nimezaliwa kando ya moto, na watoto wangu vilevile." Nilimsikiliza nikaona raha. Bibi aliguna, akasema kwake jiko ni la nje, akabadilisha mazungumzo.

Shuleni wiki hiyo Mwalimu Feliksi alitufundisha habari za moto. Aliwasha mshumaa juu ya meza, akaufunika kwa bilauri. Mwali ukafifia, ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukazimika. Darasa zima tukasema "Loo!" Akatueleza kwamba ndani ya hewa kuna oksijeni, na moto hauwaki bila hiyo. Sisi pia, alisema, tunavuta oksijeni hiyohiyo, inaingia mapafuni, damu inaibeba na kuisambaza mwilini. Siku iliyofuata akatupa jaribio. Nilipata mia kwa mia, peke yangu darasani.

Jamani, kichwa kilivimba! Alhamisi Mwalimu alipoendelea na somo, mimi nilikuwa napitisha daftari chini ya dawati ili kila mtu aione ile mia yenye wino mwekundu. Nilisikia sauti yake kwa mbali, maneno mawili matatu, "hewa isipotosha," sijui "gesi," nikaona ni yaleyale.

"Nasma, unanisikiliza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimesema nini?"

Nikasimama na kujibu kwa mikogo, "Moto unahitaji oksijeni ili uwake."

"Hilo lilikuwa la juzi," alisema, na wenzangu wakaangua kicheko. "Kaa. Ukifika nyumbani, azima daftari la mwenzako unakili somo la leo."

Nilikaa, nimenuna. Daftari la mtu sikuliazima. Mtu mwenye mia aazime daftari la mwenye hamsini? Ndivyo nilivyojisemea.

Jumamosi mvua ilianza kunyesha saa nne asubuhi, ile mvua ya Novemba isiyo na mzaha. Bibi alikuwa amekwenda msibani Ujiji tangu alfajiri, na Baba alikuwa kazini. Candide alikuwa na malaria, siku ya tatu hiyo. Dawa alipewa kwenye zahanati, lakini homa ilikuwa bado inakuja na kuondoka.

Mchana alikuja Bi Mwanvua, jirani yetu, mjane mwenye kuuza samaki wa kukaanga. Mdomo wake ulikuwa mkali. Majuma mawili kabla, kwenye foleni ya bomba, alisema mbele za watu kwamba wakimbizi watatumalizia maji. Lakini siku hiyo alikuja amejifunika gunia kichwani, mkononi ana bakuli la ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese.

"Mpeni mgonjwa kingali cha moto," alisema, akageuka na kurudi kwake kwenye mvua.

Tulikula wote wanne kwenye sinia moja, mle stooni. Ndayikunda aligombania kichwa cha samaki akakipata. Mimi nilikula mkia na nyama ya mgongoni, nikalamba na mchuzi. Likumbukeni hilo.

Saa saba homa ilimrudia Candide. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Arakaza alimfunika mashuka yote waliyokuwa nayo, pamoja na nguo zake mwenyewe, wapi!

"Imbeho," Candide alisema. "Mwanangu Nasma, nipatie moto. Kidogo tu. Kama wa kwetu."

"Bibi amekataza," alisema Arakaza.

Hapo ndipo mjuaji alipopata jukwaa. "Bibi anaogopa moshi," nikamwambia. "Mkaa ukishakolea hauna moshi. Moshi ndio mbaya, unaziba kifua. Mkaa mwekundu ni joto tupu. Haya mambo tumesoma, na mimi nimepata mia."

"Kweli?"

"Niulize mimi."

Nilikwenda kuwasha jiko. Ndayikunda akaja na kifuniko chake, akapepea. "Nasima, umewaka?" Nikamjibu umewaka. Nilisubiri hadi moshi wote ukaisha, maana nilitaka kufanya jambo langu kwa uangalifu, kisha nikalibeba jiko na kulitua katikati ya stoo. Mvua ilikuwa ikipiga mlangoni, nikaufunga. Dirisha lilikuwa likipitisha manyunyu, nikalichomeka gunia. Candide alinyoosha mikono juu ya mkaa, akafumba macho. "Urakoze, mwanangu," alisema. Asante. Ndayikunda alijilaza karibu kabisa na jiko, kifuniko kifuani. Mimi nikarudi nyumba kubwa, nikajifunga kanga, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda jema.

Niliamshwa na sauti ya Bibi. Ilikuwa saa tisa na nusu, mvua imekatika, naye alikuwa barabarani akisalimiana na watu. Jiko! Niliruka, nikakimbilia uani ili nilitoe kabla hajaliona. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Wote watatu walikuwa wamelala. Midomo yao ilikuwa myekundu, nikadhani joto limewapendeza. Niliita, "Arakaza," akagumia tu bila kufumbua macho. Kichwa kikaanza kunizunguka, nikaona vijinyota. Sikujiuliza kwa nini. Nilichowaza mimi ni Bibi tu. Nikalishika jiko kwa tambara, nikatoka nalo, nikamwaga makaa kwenye dimbwi, na jiko lenyewe nikalificha nyuma ya pipa la maji.

Bibi aliingia uani. "Mama Arakaza, unaendeleaje?" Akachungulia stooni. Kisha nikasikia ukelele ambao sikuwahi kuusikia kinywani mwa Bibi.

Majirani walijaa. Arakaza alipoinuliwa alitapika. Candide alifumbua macho, akayafumba. Ndayikunda hakufanya lolote. Shingo yake ilikuwa imelegea mkononi mwa Bibi, na kile kifuniko kilianguka chini kikaviringika mpaka mlangoni. Mtu mmoja alikuwa na gari dogo la mizigo, akawapakia wote kuwapeleka hospitali, na mimi na Bibi tukapanda nyuma pamoja na majirani kadhaa.

Daktari aliyewapokea aliitwa Hamdani, mtu mwembamba mwenye miwani. "Wamekula nini?" ndilo swali lake la kwanza.

Kabla Bibi hajajibu, jirani mmoja alidakia, "Chakula cha Mwanvua! Nimemwona kwa macho yangu akikileta na mvua yote ile!"

"Yule aliyesema wakimbizi wanatumalizia maji?" mwingine akauliza.

Ikawa basi. Neno sumu likaruka kutoka mdomo hadi mdomo, na wanaume wawili wakaondoka mbio. Haikupita muda mrefu wakarudi naye, wamemshika mikono huku na huku, kanga yake imelowa tope, watu nyuma wakizomea.

"Nimewapa nilichokula mimi mwenyewe!" Bi Mwanvua alilia pale getini. "Jamani, nimewapa nilichokula mwenyewe! Mwulizeni Mungu!"

Hakukuwa na haja ya kumwuliza Mungu. Wangeniuliza mimi. Nilikuwa nimetoka nje kutazama, nimesimama hatua tano kutoka kwake, na tumboni mwangu mlikuwa na mgebuka uleule, na nilikuwa mzima. Kama chakula kilikuwa na sumu, mbona mimi sikudondoka? Akili yangu ya sayansi ililiona jambo hilo waziwazi. Waliougua na mimi tulikula sinia moja. Kitu kimoja tu walikipata wao na mimi sikukipata: walibaki na jiko. Nililijua hilo na nikanyamaza. Nilimwogopa Bibi, nilimwogopa Baba, niliogopa zaidi kuonekana mjinga. Nilijiambia daktari amesoma kuliko mimi, ataligundua mwenyewe.

Baba alifika kutoka bandarini, jasho linamtiririka. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Ndani tulisikia Arakaza akilia kwamba kichwa kinamuuma, kisha hatukumsikia tena, na kutosikia kulikuwa kubaya zaidi. Muuguzi alipita na ndoo. Mwingine akapita na maji ya chumvi ya kuwatapishia. Saa kumi na moja kasorobo Daktari Hamdani akatoka, akavua miwani.

"Mtoto mdogo amefariki," alisema.

Bibi alikaa chini sakafuni palepale. Baba akageukia ukuta. Mimi sikulia. Nilihisi kama mtu amenifunika bilauri.

"Na hao wawili?" Baba aliuliza.

"Wanaelekea huko huko, ndugu yangu. Nawatibu sumu ya chakula, na hali inazidi kuwa mbaya. Kuna kitu sikijui." Alitutazama mmoja mmoja. "Hakuna kingine walichokula? Walichokunywa? Walichofanya?"

Nilisimama.

"Si chakula," nikasema. "Mimi nilikula nao. Si Bi Mwanvua. Ni mimi. Niliwawekea jiko ndani, nikafunga mlango, nikaziba dirisha. Halafu nikalitoa nikalificha."

"Jiko la mkaa?"

"Halikuwa na moshi, Daktari. Nilisubiri mpaka moshi ukaisha."

Aligeuka akakimbia, na nilisikia akipaza sauti, "Oksijeni! Leteni ule mtungi, haraka!" Hospitali nzima ilikuwa na mtungi mmoja. Waliwavutisha Candide na binti yake kwa zamu, dakika kadhaa huyu, dakika kadhaa yule, muuguzi akihamisha barakoa. Ilipofika saa kumi na mbili Arakaza alifumbua macho na kumwita mama yake. Muda mfupi baadaye mama yake akamwitikia. Kisha akamwita Ndayikunda.

Baba hakunipiga. Alikwenda getini mwenyewe, akawaambia watu wamwachie Bi Mwanvua, akamwomba radhi mbele ya wote waliomzomea. Daktari Hamdani alikuja kukaa nami kwenye benchi.

"Unajua damu inabebaje hewa?" aliniuliza.

"Mwalimu alisema inabeba oksijeni."

"Inabeba. Ndani ya damu kuna chembe nyekundu, na kazi yao ni kama ya baba yako bandarini. Zinapokea oksijeni mapafuni, zinaipeleka kwenye ubongo, kwenye moyo, kila mahali. Sasa, mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo inawahi mabegani mwa wale makuli, inang'ang'ania, haishuki. Oksijeni inakuja inakuta hakuna wa kuibeba. Mtu anavuta pumzi vizuri kabisa, na mwili wake unakufa kwa kukosa hewa."

"Lakini moshi haukuwepo."

"Moshi ungewasaidia. Ungewakohoza, ungewawasha macho, wangetoka. Gesi hii haina rangi wala harufu. Inakuletea usingizi, na mtu anadhani amepata joto."

Nilimwuliza swali ambalo mpaka leo naliuliza. "Kama ningesema tulipofika tu, Ndayikunda angepona?"

Aliifuta miwani. "Watoto wadogo hupumua haraka, kwa hiyo alivuta nyingi kuliko wenzake. Alifika kwangu akiwa amechoka sana. Pengine ningempoteza hata hivyo. Pengine. Sitakudanganya, binti, sijui. Ninachojua ni kwamba wale wawili wako hai kwa sababu ulisema."

Tulimzika Jumapili. Padri alikuja, majirani wakaja, Bi Mwanvua akaja na sinia la chakula ambalo watu wote walikula wakiangalia chini. Nilimfuata nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo na nisamehe. "Marahaba," alisema. "Kusamehe nitasamehe, mwanangu. Lakini ulinitazama nikiburutwa, na ulikuwa unajua. Hilo nitalisahau polepole." Candide hakuwepo kaburini. Alikuwa bado kitandani hospitali, mwanawe akazikwa yeye asimwone.

Siku tatu baadaye waliruhusiwa kurudi. Candide hakutaka kuingia stooni, akalala sebuleni na Bibi. Hakunigombeza. Alikaa upenuni na kile kifuniko cha kopo mapajani, akikigeuza geuza, hali chakula, na mimi nilikuwa natamani anitukane nipumue. Siku ya pili aliniita.

"Nasma. Kwetu moto ulilala na sisi miaka yote. Mama yangu, bibi yangu. Kwa nini kwenu umeua?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasema, "Sijui, Mama Arakaza. Ngoja nikaulize."

Nilikwenda kwa Mwalimu Feliksi na kumwambia kila kitu, pamoja na lile daftari nililolipitisha chini ya dawati wakati akifundisha. Aliinamisha kichwa. "Ndilo somo la Alhamisi," alisema. Alikuja nyumbani siku hiyohiyo. Bibi akamshika mkono Candide na wakaingia stooni pamoja, mlango wazi. Mwalimu aliwasha tambara, likafuka moshi, akatuambia tuutazame unakokwenda. Moshi ulipanda ukafika kwenye bati, ukasambaa, ukakosa njia, ukaanza kurudi chini kwetu mpaka tukakohoa. Kisha akatupeleka kwenye kile kibanda cha fito. Huko moshi ulipanda ukapenya kwenye nyasi za paa, ukatoka, na hewa mpya ikaingia kati ya fito.

"Hewa yenye joto hupanda," alimwambia Candide kwa upole. "Nyumba zenu za nyasi zinapumua, mama. Moto unatoa gesi mbaya kwenu pia, na si salama hata huko, lakini sehemu kubwa inatoka juu na hewa safi inaingia chini. Bati na saruji havipumui. Na turubai za mahema ya kambini vilevile."

Bibi alikuwa amesimama kando, ameshika nguzo ya kibanda. "Mimi pia nina langu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Nilikataza jiko kwa sababu mama yangu alikataza. Mtoto aliniuliza kwa nini, nikamfokea, kumbe hata mimi sikuijua sababu. Ningesema sijui, pengine angekwenda kuuliza."

Gari la kwenda kambini, upande wa Kasulu, lilikuja Jumatano ya wiki iliyofuata. Arakaza alinikumbatia. Candide alipanda nyuma ya lori, akaketi juu ya furushi lake la nguo, kisha akaniita nisogee.

"Huko tutapewa mahema ya turubai," alisema. "Ni watu wa kwetu, watu wa milimani. Mvua ikinyesha wataingiza moto ndani. Niandikie maneno ya kuwaambia. Arakaza atanisomea."

Nilikimbia ndani nikalichukua daftari langu. Karatasi iliyokuwa tupu ilikuwa ile inayofuata ukurasa wa ile mia. Niliandika hapohapo nikiegemea ubavu wa lori: mkaa usio na moshi unaua; jiko libaki nje; kichwa kikiuma karibu na jiko, fungua mlango, toka, paza sauti; ukienda hospitali, mwambie daktari kila kitu, hata kama ni kosa lako. Niliichana karatasi nikampa. Akaikunja, akaiweka chini ya kile kifuniko cha kopo alichokuwa amekipakata.

"Sikia, mwanangu," alisema, na sasa alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Ulijua kidogo, ukasema kama unajua chote. Hilo ni kosa la mtoto. Kisha ulijua chote, ukanyamaza. Hilo si la mtoto, hata wakubwa wanalifanya, na linaua zaidi. Usinyamaze tena. Mimi nimekusamehe ili useme."

Lori liliondoka kwenye tope, nami nikabaki barabarani mpaka Bibi akaja kunichukua.

Leo mimi ni mwalimu wa sayansi hapahapa Kigoma, na wanafunzi wangu wananiona mkali. Mvua za Novemba zikianza, naliacha somo lililo kwenye ratiba, nachukua mshumaa na bilauri. Mwali unapozimika wanasema "Loo!" kama tulivyosema sisi. Kisha simuulizi aliyepata mia. Nauliza nani hajaelewa, na tunasubiri, hata kama kengele imelia, mpaka wa kwanza anyooshe mkono.